Bijou Hataki Kula

Mi sijawahi kukasirika vile nilikasirika Jumapili, na mbaya zaidi nilikasirikia mu kanisa. Niko mustari wa mbele, nimevaa kitenge ya familia, Mama yangu iko pale mbele ameshika micro anatoa ushuhuda, watu wanapiga vigelegele, na mi nimekaza meno mpaka masikio yanalia. Na ushuhuda yenyewe ni juu ya nyoka yangu! Acha nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mutasema Orlane amepata kichaa. Kichaa bado. Ni hasira tu.

Nyoka inaitwa Bijou. Ni chatu, bado mudogo, unene wake kama mukono yangu. Kaka yangu Régis njo alimutoa Kajaga, kule kando ya ziwa, wakati Bijou alikuwa hata hajashinda mukanda wa suruali. Wavuvi walimukuta ndani ya nyavu, wakaanza kutafuta mawe. Régis akavua shati, akamufunga ndani, akapanda naye taxi-vélo kifua wazi mpaka kwetu Carama. Mama alipofungua lile shati akidhani ni samaki, alikimbilia kwa jirani na sufuria ya maharagi mukononi. Yeye alirudi jioni. Sufuria ilirudi kesho yake.

Halafu Régis akaenda Bulaya, Bruxelles, kusoma. Siku ya safari, pale ku aéroport, watu wanalia, wanamuombea, yeye ananivuta pembeni.

"Orlane, nakuachia Bijou. Mama usimuachie. Tonton Zénon usimuachie kabisa. We umesoma biologie, we njo unajua."

Nikasema sawa. Na kweli ilikuwa rahisi. Nilikuwa namununulia kifaranga ku soko ya Mutakura, anakula, analala, anakunya, basi. Kuna wanaume wengi mu mugi hii hawana urahisi kama huo.

Halafu akaacha kula.

Mara ya kwanza niliweka kifaranga jioni, asubuhi nikakuta kifaranga imepanda mugongo ya Bijou, imelala vizuri kabisa, kama iko kwao. Sikuogopa. Nyoka anaweza kuruka chakula, hata mara mingi. Nikaangalia macho yake, kama anataka kubadilisha ngozi: apana, macho iko safi. Nikaangalia joto: umeme ukikatika namuwekea bidon ya maji ya moto, anajikunja pale kama bibi kizee. Maji ya kunywa, safi. Mudomo, safi. Nikaleta kifaranga ingine. Akaiangalia, akageuka ukuta. Nikaleta ya rangi. Akageuka. Nikaleta panya! Panya nilitafuta mi mwenyewe, na mi panya siipendi, akageuka!

Na zile vifaranga alizokataa, nani atazirudisha Mutakura? Nikaziachilia mu uwanja, Mama akaanza kuzilisha pumba na mabaki ya bugali, zikakua. Moja akaipa hadi jina, Neema. Donc chakula ya Bijou ikageuka jirani ya Bijou, inapita mbele ya dirisha inalia piyo piyo, na mwenyewe anazidi kukonda. Mugongo ukaanza kutoka mufupa. Ukimushika unasikia ule mufupa mu kiganja yako. Nilikuwa nalia kila nikimushika, halafu nakasirika kwa sababu nimelia.

Sasa kuna Tonton Zénon, kaka mukubwa wa Mama. Tangu Papa amekufa, neno ya Tonton njo sheria ku nyumba yetu. Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja, anakula, anafungua kifungo cha suruali, anaanza kutawala.

"Orlane, ile munyama yako imekula?"

"Siyo munyama tu, Tonton, iko na jina. Na apana, bado."

"Unajua kwa nini haili?"

"Tonton, nyoka wanaweza kukaa muda mrefu bila..."

"Anakupima."

"Ananipima nini?"

"Anakupima we! Chatu ikitaka kumeza kitu kikubwa inafunga kula kwanza, inatengeneza nafasi. Halafu inajinyoosha kando yako, inaangalia kama utaingia. Kuna mama mumoja Rumonge ilimufanyia hivyo."

"Anaitwa nani huyo mama?"

"Sasa nitajuaje jina? Nilisimuliwa."

"Tonton, hiyo ni hadisi ya internet, kila nchi iko nayo. Nyoka hapimi mutu. Kwani Bijou ni fundi cherehani?"

Dada yangu Chanelle akacheka. Chanelle alikuwa amerudi kwetu baada ya kuzaa, iko na mutoto wake Benite, wakati ule Benite ameanza kutambaa, anatambaa kama iko na haraka ya kazi. Na wakati ule ule Chanelle anacheka, Benite akapita chini ya meza, anaelekea moja kwa moja ku mulango ya chumba yangu.

Tonton akamuonyesha na uma yake.

"Na huyu? Huyu anaingia bila kupimwa."

Chanelle akaacha kucheka. Akamubeba mutoto, akamukumbatia, akaniangalia kama mi njo niko na meno.

"Sikia," Tonton akasema. "Jumapili ijayo nakuja na panga. Ikiwa imekula, ibaki, mi si mutu mubaya. Ikiwa haijakula, naikata, na usinililie hapa."

"Mama!" nikasema. "Mama, sema kitu!"

Mama alikuwa anakusanya sahani. Hata hakuinua kichwa.

"Zénon ni mukubwa," akasema. Basi. Akaenda jikoni.

Yampayinka, hasira nilisikia! Nikajua Mama amekubali. Mama ambaye hata mujusi ukutani anamuambia "pardon" ndio apite, Mama ambaye tangu siku ya shati anapita mbele ya chumba yangu ubavu ubavu, sasa amepata mutu wa kumufanyia kazi.

Nikapigia Régis. Na yeye mambo yake haikuwa sawa, carte yake ya kukaa kule ilikuwa imekwama mu ofisi, miezi wanamuzungusha, sauti imekuwa ndogo. Lakini kusikia panga, akaamuka.

"Orlane, asiuawe. Mi nimebaki na nini huko nyumbani? Fikiria kwanza. Kuna kitu kimebadilika mu sanduku yake?"

"Hakuna! Joto ile ile, maji ile ile, mbao ile ile!"

"Mutu anamugusa?"

"Nani atamugusa, Régis? Ku nyumba hii nani anaweza kumugusa?"

Nikakata simu, nikaangalia sanduku. Ni sanduku ya mbao yenye kioo mbele, fundi alitengeneza, chini nimetandika vumbi ya mbao, juu iko na kifuniko na kikomeo kadogo ka chuma. Mi nikifunga, naelekeza kikomeo ku dirisha. Ni mazoea tu. Na siku ile kikomeo kalikuwa kanaangalia mulango.

Kuna mutu anafungua.

Nani? Mi nilikuwa hata sitafuti, nilishajua. Tonton anapita kwetu asubuhi mara kwa mara, anakunywa chai, anaenda zake. Si njo anamutia kitu? Pétrole, sumu, sijui? Nikamupigia pale pale. Franchement, ningengoja hata dakika mbili ningekuwa mutu mwingine, lakini sikungoja.

"Tonton, shikamoo. Kama unataka kumuua Bijou, muue mbele yangu na panga yako kama mwanaume, usije kumutilia sumu nikiwa ku masomo!"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Orlane. Unaongea na nani?"

"Na we, Tonton!"

"Mi, mutoto wa Salvator babu yako, niamke asubuhi, nivae suruali, nitembee mpaka Carama, kulisha nyoka sumu? Kwa siri? Sikungoja kuzeeka nitukanwe na mutoto niliyemubeba mugongoni. Jumapili ni mbali. Nakuja Jumamosi."

Akakata. Kwa hiyo njo hivyo: mudomo yangu mwenyewe ilimupunguzia Bijou siku moja. Nikaenda kumalizia hasira kwa Chanelle, nikamuuliza kama njo yeye anafungua sanduku, kama anataka Bijou afe ili Benite atambae bila shida. Chanelle alilia mpaka Benite naye akalia. Mama iko pale pale mulangoni mwa jikoni, anachambua lengalenga, anatupa majani mazuri pamoja na mabovu.

Nikarudi chumbani, nikamutoa Bijou, nikamuweka ku shingo. Kalikuwa kepesi! Nikamuinamia kumubusu kichwa, ndiyo, mi namubusu, musinishangae, na hapo njo nikasikia.

Nyoka hana harufu. Nyoka ananuka kama jiwe la mutoni, yani hakuna. Lakini Bijou alinuka. Alinuka rose, alinuka camphre kama dawa ya mafua, alinuka majani ya mukaratusi. Alinuka Jumapili! Nikamupeleka ku mwanga wa dirisha. Hapa, katikati ya macho mawili, ngozi inang'aa, vumbi ya mbao imeganda juu. Na ukiangalia vizuri, ile vumbi imechora kitu. Musalaba kadogo.

Ule musalaba naujua. Nimepakwa ule musalaba kabla ya kila mutihani tangu shule ya musingi.

Kawaida alfajiri nalala kama jiwe, lakini kesho yake nilikuwa macho. Nilijilaza, nikajifunika mpaka kichwa, nikaacha tundu ya jicho moja. Jua halijatoka vizuri, nikasikia geti: Mama anarudi ku maombi ya alfajiri. Viatu akavua nje. Mulango ukafunguka polepole. Na Mama akaingia.

Natamani mungemuona. Amevaa glovu za kufulia mpaka kiwiko. Uso ameugeuza pembeni kabisa, macho amefunga, muguu moja iko tayari umeelekea mulango kwa kukimbia. Anatetemeka mpaka kifuniko kinagonga gonga. Mukono wa kushoto unafungua, wa kulia unashika chupa yake ya mafuta ya maombi. Halafu, sikia, anavua glovu moja na meno. Anavua! Maana mafuta hayapakwi na plastiki. Anatumbukiza kidole, ananyoosha, anatafuta kichwa ya Bijou bila kuangalia, anampapasa kama mutu anatafuta swichi mu giza.

"Kwa jina la Yesu, kula," ananong'ona. "Kula, mutoto wa Régis. Kula, Zénon asikuue. Na ile carte itoke."

Na Bijou, masikini, ametulia tu, anapakwa.

"MAMA!"

Mama akaruka, chupa ikaruka, mafuta ikamwagika ku sakafu, chumba yote ikanuka kanisa.

"Unanitisha namna hiyo, mi niko na nyoka mukononi!"

"Ni we! Ni we unamuua!"

"Namuua? Mi namuombea!"

"Tangu lini?"

"Tangu carte ya Régis imekwama." Alikuwa anahema, glovu ingine bado iko mukononi, akaivua. "Mutu akiwa mbali na shida imemushika, unapaka kitu yake aliyoacha. We hujui? Kwani unasali wapi? Nilipaka kitanda yake. Nilipaka viatu vyake vya mupira. Na hii... na Bijou. Hakuacha kitu ingine!"

"Na alipoacha kula?"

"Nikaongeza."

"Ukaongeza!"

"Ulitaka nipunguze? Mugonjwa akizidi, unapunguza maombi?"

Nilitaka kuvunja kitu. Nilitafuta kitu cha kuvunja, sikupata, nikapiga muto.

"Mama, nyoka ananusa na ulimi! Ule ulimi anatoa toa, njo pua yake! We umemujaza camphre ku mudomo, kifaranga ataijua namna gani? Kwake dunia yote imekuwa chupa yako! Kila asubuhi unamupapasa, unamuamusha, mutu yeyote angeacha kula!"

"Na mi ningejuaje?" Mama sasa naye akapandisha sauti, na Mama akipandisha sauti hadi kuku za uwanja zinanyamaza. "Uliniambia lini? Miaka yote umesoma hayo madude, ku mimi unasema nini? 'Mama usiingie. Mama usikaribie. Mama we unaogopa.' Haya, niliogopa, na niliingia! Kila asubuhi naingia hapa macho nimefunga, kwa sababu ya kaka yako! We umemutukana Zénon, umemuliza dada yako, ku mimi hukufika hata kuniuliza. Kwa sababu Mama ni muoga tu, eeh? Hata ubaya hukuniwazia!"

Nikaokota chupa ku sakafu, nikaifunga kwa nguvu. Nikasema: "Lete maji ya vuguvugu." Akasema: "Lete mwenyewe." Halafu akaenda akaleta.

Tulimuosha. Maji matupu, kitambaa laini, polepole, kichwa na mudomo na pale shingoni ambapo mafuta ilikuwa imetiririka. Mama alishika beseni, mikono imenyooka mpaka mwisho, uso umegeuka, lakini alishika. Vumbi ya mbao nikatupa yote, sanduku nikasugua, nikaianika, nikatandika magazeti ya zamani ya Papa. Na hakuna mutu kuingia, nikasema, hata mi, mpaka Jumamosi. Mama akaleta kigoda, akakikalia mbele ya mulango.

"Unamulinda na nani tena?"

"Na mimi," akasema. "Saa ya maombi mikono inaniwasha."

Jumamosi Tonton alikuja na panga ndani ya mufuko wa mchele. Hakunisalimia. Akaketi mu salon, akaweka mufuko ku magoti.

"Imekula?"

"Njo sasa anapewa, Tonton," nikasema, macho chini.

"Basi niingie tuone."

Na hapo Mama akatokea na Fanta. Musinicheke, lakini ile Fanta iliokoa maisha. Mutu amekuja kwako, unamupa kinywaji, na akishakubali hawezi kuamuka glasi ikiwa imejaa, hata awe na panga, hata awe na hasira. Angekuwa amekudharau, na kudharau dada yake Tonton Zénon hawezi.

"Nikimaliza hii, naingia," akasema.

"Kunywa polepole, kaka yangu. Ni baridi, itakuuma meno."

Halafu Mama akatoka nje. Nikamuona kupitia dirisha anakimbizana na kuku. Akarudi amebeba Neema. Ile ndogo, ile haijakua vizuri, ile inamufuata mpaka ku jiko. Akaniwekea mukononi, akanigeuzia mugongo akaenda kujaza glasi ya Tonton.

Nikamuweka Neema mu sanduku, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nasikia salon. "Bado kidogo, Zénon, malizia chupa." "Dada yangu Médiatrice, tumbo yangu imejaa." "Hata mukojo hujaenda." Chupa ingine inafunguliwa, pssh. Bijou ametulia. Ulimi ukatoka. Ukarudi. Ukatoka tena, ukakaa nje muda mrefu, unatetemeka, kama mutu aliyetoka na mafua ndefu anasikia harufu ya chakula kwa mara ya kwanza. Kichwa ikainuka. Salon nikasikia glasi inawekwa ku meza, na kiti kinalia: Tonton anaamuka.

Paf!

Sikuona hata. Nilisikia tu, piyo moja, halafu Bijou amejifunga mara tatu na miguu ya Neema inatoka katikati.

"AMEKULA! TONTON, AMEKULA, AMEKULA!"

Tonton akaingia, glasi mukono moja, mufuko mukono ingine. Akaangalia. Akaangalia muda. Ukweli, alionekana kama mutu amefika ku arusi amekuta watu wameshaondoka.

"Ehe," akasema. "Inakula mudomo wazi namna hiyo?"

Na nyuma yake Mama: "Haleluya! Haleluya! Si nilisema mafuta inafanya kazi!"

"Mama, apana! Ni maji! Amekula kwa sababu tulitoa mafuta!"

"Na nani alikupa akili ya kunusa nyoka?"

Jibuni nyinyi. Mi mpaka leo sijapata jibu, na nimefanya université.

Sasa turudi ku kanisa. Mama iko mbele na micro. "Ndugu zangu, kulikuwa na kiumbe mu nyumba yangu kimekataa kula. Nikapaka mafuta. Kikakataa. Nikapaka tena. Kikakataa! Nikapaka tena!" Na watu: "Paka, Mama!" "Na jana, mbele ya macho ya kaka yangu, kikakula!" Vigelegele. Kuosha, hakuna. Beseni, hakuna. Orlane, hakuna. Halafu Tonton Zénon, Tonton wa panga, anasimama, anafunga kifungo cha koti: "Mi ni shahidi. Nilikuwa na glasi mukononi." Mama yeyote mwenye ile chupa ya mafuta mu sakoshi akaitoa, akaiinua juu. Nikamuandikia Régis ukweli wote, message ndefu. Akanijibu neno moja. "Amina."

Nilikaribia kutupa simu mu ngoma.

Nimemuomba Tonton musamaha ile jioni, magoti chini, na alinisamehe, lakini alinifanya nimueleze ulimi wa nyoka mara mbili mbele ya wageni. Chanelle amenunua geti ya mbao ya kumuzuia Benite. Hasira bado iko pale pale.

Leo alfajiri nikasikia geti ya nje. Viatu vinavuliwa. Nikakaa ku kitanda haraka, nikaona kivuli chake ku mulango. Mama amesimama ku kizingiti, hajavuka. Hana chupa. Mikono ameiweka nyuma, anaishikilia moja na ingine, kama mutoto mbele ya mwalimu.

"Bwana, Régis apate carte. Bijou aendelee kula. Na Orlane, ile hasira yake ipungue."

"Nasikia, Mama."

"Njo maana nasema kwa sauti."

"Na viatu vya Régis? Bado unapaka?"

"Viatu napaka," akasema, ameshaanza kuondoka. "Viatu havili."